Ukilala Garini: Vidokezo vya Safari Ndefu Kutoka Dilala

Zile nyumba za magurudumu za Wazungu, zenye choo, jiko la gesi na pazia la maua, hapa Dilala, Kolwezi, hazipiti. Lakini nani kasema sisi hatuna nyumba zinazotembea? Toka jioni ufuate barabara ya Likasi, uangalie malori yaliyoegeshwa. Nyuma ya kiti cha shofere kuna kitanda, dirishani kumeanikwa shati, na kando ya tela mbabula inawaka, sufuria ya bukari iko juu yake. Wenyewe wanaishi humo, kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam na kurudi. Zipo na familia zinazong'oa viti vya katikati vya Hiace, zikatandika godoro, zikaenda sikukuu Lubumbashi. Wenye moyo mkubwa wanavuka mpaka wa Kasumbalesa, wanaikata Zambia, wanawatembelea ndugu Mbeya.

Wengi wetu tunalitayarisha gari litembee. Tunapima oili, tunajaza upepo, tunaomba dua, basi. Tunasahau kwamba gari hilohilo litasimama gizani na watu watalala ndani yake, na hapo lina hatari zake nyingine kabisa. Kwa hiyo vidokezo hivi ni vya mchana na vya usiku pia.

1. Anza na mlango, si injini

Hiace nyingi za kwetu zimetoka Japani. Kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa kuteleza uliwekwa kushoto, upande wa wapita njia. Kongo tunaendesha kulia. Ukisimama pembeni, mlango ule unafunguka kuelekea katikati ya lami, mbele ya malori ya shaba. Mtoto aliyebanwa na mkojo hatakumbuka hayo. Atashuka mbio.

Mteueni mtu mzima mmoja awe bawabu. Hakuna anayegusa kitasa kabla yake. Yeye hushuka kwanza, hutazama nyuma, kisha huwatoa watoto mmoja mmoja akiwapitisha nyuma ya gari hadi kwenye majani. Shofere naye asaidie kwa kuliondoa gari barabarani kabisa; nusu ndani nusu nje ni kualika msiba.

Halafu jaribuni upande wa pili: kaeni ndani, fungeni mlango, mwambieni mtoto mkubwa atoke peke yake. Magari mengi yana kidude kidogo kwenye ukingo wa mlango ambacho kikifungwa, mlango haufunguki kwa ndani. Mchana kinawalinda watoto. Usiku, watu wakilala, lazima kiachiliwe. Kila abiria ajue dirisha lipi linafunguka na ni upande gani atatokea mlango ukikwama. Zoezi hili ni la dakika 10 uani, kabla hamjapakia chochote. Watoto wanalipenda kama mchezo, na wazee watanung'unika. Waacheni wanung'unike huku wanatoka dirishani.

2. Usukani wa kuume unahitaji jicho la pili

Shofere wa gari la Japani hapa kwetu anakaa upande wa mtaro. Ili aone mbele ya lori analotaka kulipita, inabidi alitoe gari zima nje, na akishaona lori jingine linakuja, amechelewa. Aliyekaa kiti cha mbele kushoto ndiye anayeona. Basi kiti hicho si cha mtoto, si cha mtu wa kusinzia, wala si cha shemeji anayependa vichekesho. Apewe mtu mtulivu, mkubaliane maneno mawili tu: "ngoja" na "nyeupe". Maelezo marefu yanachelewesha.

Uamuzi lakini ubaki kwa shofere, na dawa yake kubwa ni kukaa mbali. Ukilisogelea lori mpaka unasoma matope ya ubaoni, huoni kitu. Ukirudi nyuma, barabara inafunguka yenyewe. Kiangazi kwenye vumbi, hata jicho la pili halisaidii: washa taa, ongeza nafasi, usipite.

Mkishavuka Kasumbalesa kila kitu kinageuka. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani na mlango wenu vinakuwa mahali pake. Mazoea ya shofere ndiyo yanabaki Kongo. Saa ya kwanza, hasa kwenye mizunguko na unapotoka kituo cha mafuta, abiria wa mbele aseme kwa sauti: "Kushoto!" Asione haya.

3. Soma tarakimu nne za tairi

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado mpira wake umezeeka, umepasuka nyufa ndogo kama za kisigino. Hilo likibeba familia na mizigo juu ya lami ya saa nane mchana, linafumuka. Meno yakishuka chini ya milimita 1.6, usibishane na fundi.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Likishapata moto upepo unaongezeka, na anayeupunguza hapo anajidanganya. Pimeni na tairi la akiba pia, maana ndilo la kwanza kusahauliwa. Mkibadilisha tairi lolote, simameni kabla ya kufika Fungurume mkaze tena nati zake.

4. Godoro ni la gari lililosimama

Hili linaleta ugomvi, najua. Godoro limetandikwa, mama amechoka, watoto wanataka kulala. Lakini anayelala chali nyuma wakati gari linatembea hana mkanda, na shofere akikanyaga breki kwa ghafla, mwili wake unaruka mbele kuwagonga walioketi. Mchana kila mtu akae kitini na afungwe mkanda. Viti havitoshi? Basi watu wamezidi, na mmoja apande basi. Usiwang'olee watu viti ili upate nafasi ya mihogo.

Vivyo hivyo na vyombo. Sufuria, dumu la maji, gunia la unga: vikubwa vikae chini, karibu na katikati ya gari, vifungwe kwa kamba kwenye vyuma vya viti. Juu ya keria weka vyepesi tu. Magunia ya makala juu ya paa yanalifanya gari liyumbe kwenye kona, na ukikwepa shimo unaenda nayo. Mazutu na petroli havibebwi ndani pamoja na watu, hata kidumu kimoja, hata kwa kilomita chache. Na ukinunua mafuta kwa kadhafi, mchuuzi wa kando ya njia, ujue kwamba hujui umenunua nini. Jaza kituoni Kolwezi, jaza tena Likasi.

5. Kadi za njano ni mbili

Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Ya pili ni ya bima ya gari ya COMESA, inayotambuliwa Kongo, Zambia na Tanzania. Bila hiyo utanunua bima upya mpakani. Weka zote kwenye bahasha moja pamoja na karatasi za gari, leseni, pasi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nakala ziwe kwenye mkoba wa mtu mwingine. Noti za dola ziwe safi, zisizochanika hata kidogo, kwa sababu unajua mwenyewe jinsi noti yenye mchaniko inavyorudishwa hapa kwetu. Beba na faranga ndogondogo za njiani.

6. Jua lori lenye namba 1830

Migodi yetu inakula asidi. Shaba na kobalti vinayeyushwa kutoka kwenye mawe kwa asidi ya salfa, na asidi hiyo hupita barabara ileile ya Hiace yenu. Mwezi wa Februari 2019, lori la asidi lililokuwa likienda mgodi wa Mutanda lilipinduka na kugongana na magari mengine, likiwamo basi dogo la abiria, upande wa Tenke. Walikufa karibu watu 20, na wengine walichomwa na asidi iliyomwagika.

Kwa hiyo mfundishe kila anayejua kusoma: kibao cha rangi ya machungwa nyuma ya tangi, chenye namba 1830 chini, ni asidi ya salfa. Usilifuate kwa karibu, usiegeshe kando yake, usiweke kituo cha chakula hapo hata kama kivuli ni kizuri. Mkikuta limepinduka, simameni mbali, upande unakotoka upepo, na msikanyage unyevunyevu wowote barabarani, hata ukifanana na maji. Mtu akirukiwa, mvueni nguo zilizoloa na mmwagieni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Kikombe kimoja hakitoshi, na mafuta ya kupaka msiyaguse. Hiyo ndiyo sababu ya kubeba maji zaidi ya yale ya kunywa. Ninapendekeza madumu mawili ya lita 20, moja la kunywa na moja la "lolote litakalotokea".

Na majirani wakikimbilia kuchota mafuta au kuokota mzigo kwenye lori lililoanguka, nyinyi endeleeni na safari.

7. Saa 11 jioni muwe mmeshajua pa kulala

Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kilomita 300 hivi. Kwenye ramani ni safari ya asubuhi. Barabarani kuna vituo vya ushuru, askari, malori yaliyoharibika, baiskeli zilizobeba makala zisizo na hata kioo cha kurudisha mwanga. Jua likizama, baiskeli hizo hazionekani. Zambia yenyewe mwaka 2016 iliyakataza mabasi ya abiria kusafiri kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na sababu ilikuwa ajali. Familia yako ina haraka gani kuliko basi?

Msilale porini peke yenu. Tafuteni pakingi yenye mlinzi, ua wa parokia, au kituo cha mafuta chenye taa, ombeni ruhusa kwa adabu na mlipe kidogo. Kijijini, mwoneni chifu kwanza. Foleni ya Kasumbalesa inaweza kuyashika malori siku kadhaa, kwa hiyo madereva wa huko wanajua kila ua salama na kila ua wa wezi. Mnunulieni mmoja chai, mtajua yote.

Gari liegeshwe kwenye ardhi tambarare, pua ikielekea njia ya kutokea, gia ikiwa ndani, mawe mawili chini ya magurudumu. Kiangazi msiliegeshe juu ya nyasi kavu, kwa maana bomba la moshi lililotoka safarini ni la moto wa kutosha kuziwasha. Masika msiliegeshe mabondeni. Mvua inayonyesha mbali usiku inaweza kukufikia ukiwa umelala.

8. Mbabula haiingii garini

Kama una nafasi ya kukumbuka kidokezo kimoja tu, chukua hiki.

Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma kweli. Mtu amepika nje, bukari imeliwa, makala yamebaki mekundu, mazuri, hayana hata moshi. Anasema, tuyaache yapotee bure? Anaingiza mbabula garini, anafunga madirisha, watoto wanapata joto, wote wanalala. Makala mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yenye hila. Yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na isiyokufanya ukohoe. Inashika damu badala ya oksijeni. Mtu hasikii kubanwa, anasikia usingizi. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, miguu inalegea, na kwa kuwa dalili hizo tunazijua, tunasema ni malaria au uchovu wa safari. Kisha hatuamki.

Kufungua dirisha kidogo hakuifanyi mbabula iwe salama. Kuiweka mlangoni hakusaidii. Kuifunika majivu pia hakusaidii, kwa sababu makala yanaendelea kuungua taratibu chini yake. Inabaki nje, kwenye udongo mtupu, hatua kadhaa kutoka garini, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali nanyi. Kabla ya kulala imwagieni maji, koroga, mwaga tena, kisha weka kiganja juu yake. Ikiwa bado ina joto, bado ni moto. Asubuhi ndiyo inapakiwa.

Injini nayo ni ndugu yake mbabula. Msiiache inanguruma usiku ili kupata joto au kuchaji simu. Moshi wake una sumu hiyohiyo, na kama bomba limeegemea ukingo wa udongo au nyasi ndefu, unarudi ndani. Baridi inatibiwa kwa mablanketi, soksi, kofia, na watoto kulala katikati. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa inatosha miguu ya bibi mpaka alfajiri.

Mtu akiamka anayumba na kichwa kinamgonga, hasa wawili au watatu kwa pamoja, msimpe dawa ya malaria. Mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja, watoeni na wengine wote, mkatafute hospitali.

9. Hewa iingie, mbu wabaki nje

Madirisha mawili, moja kila upande, yaachwe wazi kiasi cha vidole vitatu. Funikeni nafasi hiyo kwa kipande cha chandarua kilichobanwa na sumaku au gundi ya karatasi. Ni kazi ya nusu saa nyumbani, na fundi cherehani yeyote wa Manika au Dilala atawashonea mkiwa na vipimo.

10. Hakuna kulala chini ya gari

Madereva wazoefu watacheka, maana ni desturi yao: utingo anatandika mkeka chini ya tela, kuna kivuli, kuna upepo, mzigo unalindwa. Alfajiri foleni inasogea, dereva anaamshwa na honi za nyuma, anawasha, anaondoka, na kwa usingizi wake hajakumbuka nani alilala wapi. Au jeki inateleza. Au gari la jirani linasukuma tela.

Kwa familia, sheria iwe ngumu: chini ya gari si pa kulala, si pa kucheza, si pa kufuata mpira. Na ufunguo wa gari usiku usikae na shofere. Ukae na yule atakayehesabu watu asubuhi, mama mara nyingi, kwa kuwa yeye hawezi kudanganywa hesabu ya watoto.

11. Kizimamoto na sanduku la dawa

Kizimamoto cha unga kikae karibu na mlango. Chini ya godoro hakitafikiwa. Sindano yake iwe kwenye kijani. Kwa kuwa gari linatikisika, unga unajikusanya chini, kwa hiyo mara mojamoja kipindueni juu chini.

Dawa: glavu, bandeji, gozi, sabuni, dawa ya homa, dawa za kila siku za bibi na babu kwa siku zaidi ya safari. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu katika Katanga yetu si hadithi. Mtoto akiharisha na hakuna pakiti za dukani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vinamshikilia mkitafuta zahanati. Pimeni vizuri, chumvi ikizidi inadhuru.

12. Tumbo la shofere

Bukari na sombe saa sita mchana, kisha usukani saa saba: hapo macho yanafunga yenyewe. Shofere ale kidogo, mayai na mkate, bukari aisubiri jioni. Kila saa mbili asimame dakika 15, atembee. Chupa ya bia ya Simba na kikombe cha lutuku vibaki Dilala hadi arudi, na jana yake usiku pia visimguse.

Kama mnaenda mpaka Tanzania, mpangeni shofere wa pili wa kumpokea. Mpakani Tunduma saa inaruka mbele moja, usingizi unapungua bila kujua. Mbele yake kuna Kitonga, upande wa Iringa, ambako mnapanda au kuteremka kwa kona juu ya kona: ingizeni gia ndogo kabla ya mteremko, msikalie breki mpaka zinuke. Baada ya hapo barabara inakatiza mbuga ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Huko tembo wana haki ya njia, na mnaendesha taratibu kama wageni.

13. Asubuhi, kabla ya ufunguo kuzunguka

Mama ahesabu vichwa. Mtu mmoja azunguke gari akiinama kutazama chini, atoe mawe magurudumuni, agonge matairi, atazame kama kuna mafuta yaliyodondoka usiku. Mbabula ipakiwe ikiwa baridi, godoro likunjwe, kile kidude cha mlango kifungwe tena kwa ajili ya watoto. Kama jana mliharibikiwa mkaweka matawi barabarani kuwatahadharisha wengine, rudini mkayaondoe yote, pamoja na mawe. Kisha honi moja fupi, na ufunguo.